Kabati na Jiwe

Kidoti alipoogopa kitu, aliingia kabatini. Radi ikipiga, kabatini. Akigombezwa, kabatini. Humo lilining'inia gauni la bluu la mama yake, aliyekwenda kufanya kazi mbali. Kidoti alijifunika nalo uso, akalinusa mpaka moyo utulie.

Bibi yake, fundi cherehani, hakumkataza. "Mke mwenzangu kahamia kabatini," alisema, huku akishona. "Njaa itamtoa."

Siku moja Bibi alimpeleka kwenye kituo ambako watoto hujifunza kwa vitendo kujiokoa na moto. Palikuwa na nyumba ndogo ya mbao, yenye kitanda na kabati. Mzimamoto, mama mwenye sauti ya upole, aliijaza moshi usiodhuru. Kengele ikalia. Watoto wakatoka wakitambaa. Kidoti hakutoka.

Mzimamoto alivaa kofia na barakoa, akaingia. Alifungua kabati. Kidoti alipoona ile barakoa, akavuta mlango ufungike tena.

Mzimamoto akaivua. "Ni mimi, mwanangu. Nikiivaa natisha kama zimwi, najua. Lakini nimekuja kukutoa. Ukiniona, niite. Usijifiche."

Walipotoka, alimgeukia Bibi. "Mtoto akijificha, tunachelewa kumpata. Moshi hautungoji. Nyumbani hujificha wapi?"

Mzaha wote ulimwishia Bibi. "Kabatini. Kwenye nguo za mama yake."

"Basi apate pengine pa kukimbilia. Pawe nje, pasibadilike. Akiona moshi, atambae, maana hewa nzuri iko chini. Aende moja kwa moja hapo. Asibebe kitu, asirudi ndani."

"Na gauni la mama?" Kidoti aliuliza.

"Hata gauni."

Kidoti akalia njia nzima.

Walipofika nyumbani, Bibi alimwuliza, "Wewe ungependa tukutanie wapi?"

Kidoti alionyesha jiwe lililo nje ya uzio. Hapo ndipo mama yake alipomkalisha na kumfunga viatu, asubuhi ile ya kuondoka.

Kila jioni walifanya mazoezi. Bibi naye alitambaa. "Magoti yangu yanalia kuliko kengele," alilalamika.

Mchana mmoja, Bibi alikuwa nyuma ya nyumba akianika nguo, Kidoti akiwa ndani. Pasi aliyoiacha mezani bila kuichomoa ikaunguza kitambaa, moto ukashika. Bibi alipogeuka, moshi ulikuwa ukitoka dirishani.

Alikimbilia mlangoni. "Kidoti! Toka kabatini!"

Bibi alijifunga nguo kiunoni, akainama aingie.

"Bibi, usiingie. Niko huku."

Kidoti alikuwa kwenye jiwe. Mikono yake ilikuwa mitupu.

Bibi alimkumbatia. Jirani aliwapigia zimamoto simu. Walipouzima moto, kabati lilikuwa majivu.

Jioni mama alipiga simu.

"Mama, gauni lako limeungua," Kidoti alisema. "Sikulichukua."

Mama alivuta kamasi. "Gauni hushonwa, mwanangu. Ulikimbilia wapi?"

"Kwenye jiwe. Pale uliponifunga viatu."

"Nikirudi, nitakukuta hapo hapo."

Siku hizi Bibi hainuki kabla ya kuichomoa pasi. Na Kidoti akiogopa, huenda kukaa kwenye jiwe. Halina harufu ya mtu. Lakini ukikaa hapo, unaiona barabara yote atakayojia mama.