Marehemu Amekuja na Chai

"Karibu, dada. Wewe ni ndugu wa nani hapa?"

Fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni, chupa ya chai mkono huu, vikombe vya plastiki mkono ule. Ndani, viti vilipangwa duara, na walioketi walionekana kama watu waliooshwa vizuri wakaanikwa. Hiki kilikuwa kikundi cha watu wanaoacha pombe. Siku nyingine mgeni haruhusiwi hata kuchungulia dirishani, ila leo ilikuwa siku ya ndugu na jamaa.

"Mimi ni mke wa fundi umeme," alisema huku akitabasamu.

Mama mmoja mwenye kilemba akajishika kifua. Mwenyekiti, dereva mstaafu wa lori, akakohoa kwa adabu.

"Fundi umeme yupi, dada yangu?"

"Yule pale, anayetazama chini ya kiti kana kwamba kaangusha bisibisi."

"Yule tunamwita Mgane," mwenyekiti alisema polepole. "Amefiwa na mkewe. Tumemlilia hapa sote. Mara mbili."

Tabasamu la marehemu likabaki usoni bila kazi.

Kikundi hiki yeye ndiye aliyekitafuta. Alimnong'oneza muuguzi wa zahanati kwamba ana binamu anayekunywa, akapewa namba ya simu. Alipopiga, sauti ikauliza kama mlevi mwenyewe anataka kuacha. Akajibu anataka sana, ilhali mlevi mwenyewe alikuwa kalala sakafuni jikoni, amekumbatia kiatu. Siku ya kwanza alimpigia pasi shati, akamsindikiza hadi kona ya barabara, kwa kuwa alielezwa kwamba kila mtu aingie kwa miguu yake.

Na mume akabadilika kweli. Akawa anarudi nyumbani mapema, mkavu, anamtengenezea mota ya cherehani bila kuombwa. Tangazo la siku ya ndugu mke aliliona ukutani pale zahanati. Mume hakuwa amesema kitu. Akadhani ni haya tu, akaamua kumfurahisha ghafla.

"Nieleze," alimwambia sasa.

Mume akasimama. "Hapa siku ya kwanza kila mtu anasema pombe ilimnyang'anya nini. Mmoja alisema mguu. Mama huyu akasema watoto wake. Zamu yangu ilipofika sikuwa na cha kusema. Kazi ninayo, nyumba ninayo, wewe upo."

"Kazi unayo kwa sababu nani alikuwa anampigia bosi wako?"

"Wewe."

"Nikimwambia unaumwa nini?"

"Homa ya matumbo."

"Homa ya matumbo kila Jumatatu. Kiwanda kizima kiliogopa kukupa mkono."

Mtu mmoja akacheka, kisha akajifanya anapiga chafya.

"Niliogopa wataniona sina shida, wanirudishe nyumbani," mume aliendelea. "Neno likanitoka kwamba ilinichukulia mke. Wakanishika mabega. Sikujua tena namna ya kukufufua."

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

Mama wa kilemba ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Alisema ulikufa kwa huzuni, mwanangu."

Fundi cherehani akaliwaza jambo hilo. Aliikumbuka siku aliyofanyiwa upasuaji, mume alipofika wodini akiyumba, akamkosa mkewe, akalala miguuni pa bibi wa watu wa kitanda cha pili. Wauguzi walicheka. Yeye pia alicheka, mshono ukamuuma.

"Basi alijua," alisema. "Nilidhani haoni, kumbe alikuwa anaona kila kitu."

Akafungua chupa. Akazunguka duara lote akimimina chai, akimwinamia kila mmoja kama mwenyeji msibani. Kikombe kimoja tu, cha mumewe, kilibaki kitupu.

"Mwenyekiti, hapa mtu anaponaje?"

"Kwa kusema ukweli, dada."

"Nami nilitaka mume wangu apone. Nilikuwa sitaki kingine duniani." Akafunga chupa. "Sasa sitaki abaki mwongo mbele yenu. Alisema pombe ilimchukulia mke. Kuanzia leo ni kweli."

"Mke wangu, kaa kidogo tuongee."

"Ongea nao. Wao ndio waliokuja msibani kwangu."

Akatoka, na hakuna aliyemzuia.

Jioni alikuwa kwa dada yake, begi likiwa bado halijafunguliwa, simu ilipolia. Ujumbe ulisema: "Nimekaa hadi mwisho wa kikao. Nimewaambia yote, ya kiatu, ya wodini, ya bosi. Sijanywa na sitakunywa. Rudi, mke wangu."

Aliusoma, akaurudia. Aliamini kila neno, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Laiti angekuwa anadanganya, ingekuwa rahisi.

"Humjibu?" dada yake aliuliza.

"Tangu lini marehemu akajibu simu?"

Dada yake alicheka, kisha akamwangalia usoni, akaacha kucheka.

Fundi cherehani akaigeuza simu kifudifudi mezani, taratibu, kama anayemfunika mtu shuka usoni.