Aliyeshika Mkono Sokoni Baraka

Katika mji wote wa Baraka hakuna anayejua mambo ya mapenzi kunishinda mimi. Nimeolewa mara tatu. Kweli, wawili walinitoroka na wa tatu alikuwa kiziwi, lakini habari za Émilienne na Placide nazijua vizuri, na safari hiyo si mimi niliyeharibu.

Ilikuwa miaka ile ya Wabelgiji, mwezi wa nane, soko limejaa mpaka mchangani kando ya ziwa. Émilienne, binti wa Norbert, alikuwa nyuma ya ndagala zake, vile visamaki vikavu vya ziwani, amefunga kikwembe cha maua ya njano, kitambaa cha kichwa kimelala upande mmoja kama kofia ya polisi. Nzi walimwogopa. Wanaume hapana.

Mbele yake akasimama kijana mrefu, kaputula nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata macho, filimbi shingoni.

"Dada, hizi ni samaki?"

"Hapana, monsieur. Ni mbuzi. Walinyeshewa mvua, wakasinyaa."

Kijana akacheka. Akajitaja: Placide Sebasaza, mtu wa mlimani, wa watu wa ng'ombe. Alikuwa likizoni, anasoma Élisabethville, kwenye chuo kikubwa cha serikali.

"Unasoma nini kule?"

"Afya na mazoezi ya mwili."

"Kuruka-ruka? Batoto yetu banaruka bila kusoma."

"Kuna sayansi ndani yake, dada. Samaki, kwa mfano, inatia mifupa nguvu."

"Basi kula moja, nikuone."

Placide akaitazama ndagala, ndagala ikamtazama. Kwao mlimani watu hunywa maziwa. Samaki wanamwona kama nyoka aliyenyimwa urefu. Akafumba macho, akatafuna, machozi yakamtoka.

"Iko tamu?"

"Sana."

"Mi naona moyo wako utasimama."

"Wangu uko salama. Tupime wako." Akamshika kifundo cha mkono, vidole viwili juu ya mshipa, akatazama saa yake.

Soko zima likageuka kutazama.

Wewe uliyetoka mbali, sikiliza. Kwao Émilienne, siku zile, kijana akimshika binti kifundo cha mkono mbele ya watu, amemchumbia, hata kama hakufungua kinywa. Na binti akiuacha mkono palepale, amekubali. Émilienne hakuuondoa. Aliutazama tu, kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa auchunge.

Shangazi yake, Suzanne, muuza mawese wa meza ya pili, akainuka na upawa wake.

"Bamama, mumeona? Muko bashahidi. Mukwe, kwenu ni wapi?"

Placide akauachia mkono kama kaa la moto. "Mama, hapana. Ni masomo tu. Mwalimu alituagiza tupime mishipa ya batu."

"Batu bote, na ukaanza na huyu mwenye shingo ya muzuri?"

"Mi ni mutu wa mulimani, mama. Desturi ya huku siijui."

Hapo ndipo alipomchoma msichana. Maana Anatole, mwalimu wa Fizi, mwanaume aliyefiwa na mke, mpole, mwenye sauti ya kinanda cha kanisa, alikuwa ameshaleta maneno ya posa nyumbani kwa Norbert, na Jumapili angekuja kuchukua jibu. Norbert alikuwa amesema: "Kama iko mwingine, ajitokeze mbele ya Jumapili. Kama hakuna, Émilienne atapanda Fizi."

Ijumaa Émilienne akamkuta Placide ufukoni, peke yake, anainama na kuinuka.

"Monsieur wa filimbi, nakuuliza kitu kimoja. Ulinishika kwa sababu ya mwalimu wako, ao kwa sababu yangu?"

Placide akamkumbuka baba yake kule juu, ambaye alishamwonyesha binti wa jirani. Akaukumbuka na upawa wa Suzanne. Ushujaa ukamtoka kama hewa kwenye mpira.

"Kwa sababu ya masomo, dada."

"Muzuri. Kaka yangu Jacques anasoma kulekule, amebakia kurudia mutihani. Unamujua?"

"Chuo ni kikubwa. Hatuwezi kujuana bote."

"Batu beusi muko bangapi mule, katikati ya Bazungu?"

"Tuko... benye kutosha."

Émilienne akakaza kikwembe chake. "Mi nitaolewa Fizi. Ukipita kule, uingie upime na mishipa ya bwana yangu."

Akaondoka bila kugeuka. Nyumbani akasema moshi wa kukaushia samaki umemwingia machoni. Siku ile hawakuwa wamewasha moto.

Jumapili baada ya ibada, Anatole alikuwa uani kwa Norbert, suti nyeusi juani, wazee wawili ubavuni. Norbert alipokuwa anakohoa ili atoe jibu, ikasikika hodi. Placide, kaputula imechafuka, filimbi ameiacha.

"Baba, nimekuja kumushika mukono. Siku ile sikujua maana yake. Leo najua."

Wazee wakatazamana. Suzanne akajiziba kinywa. Lakini Émilienne akatoka jikoni, uso ameukunja.

"Sitaki. Siku ile ulishika masomo. Leo unashika aibu uliyonipatia sokoni, unanionea huruma. Siku gani utanishika mi?"

Norbert akamgeukia Anatole, na kinywa chake kilikuwa kimeshafunguka, mara kamiyo ya abiria ikapiga honi njiani. Akaingia kijana mwenye sanduku kichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Ni Jacques. Kabla ya kumsalimu baba yake akamwona mgeni.

"Placide! Ulishamushika tayari? Si tulisema uningojee?"

"Unamujua huyu?" Norbert akauliza.

"Baba, nisimujue namna gani? Tunalala chumba kimoja. Mwezi muzima amenisumbua: Jacques, kwenu binti anashikwa mukono gani, wa kuume ao wa kushoto? Mbele ya batu ao pembeni? Na picha ya Émilienne aliitoa kwenye sanduku yangu, mpaka leo hajairudisha."

Anatole akaomba maji, akayanywa polepole, akatabasamu kidogo kama mtu aliyesomewa barua ya mwenzake.

Émilienne akapita mbele ya kiti cha Anatole, akasimama karibu na Placide, akakunja mkono wa blauzi, akamnyooshea kifundo.

"Monsieur, uliniambia chuo ni kikubwa."

"Ni kikubwa," akasema Placide, macho chini. "Chumba chetu ndicho kidogo."