Mgeni wa Pete ya Chuma

Asubuhi ya tatu, Yasmini alikuta skrubu imejizungusha tena.

Ilikuwa skrubu ya pete nene ya chuma, aliyoinunua kwa muuza vyuma chakavu hapo Hedaru ili akalishie mtungi wa maji. Mumewe alikuwa safarini na lori mwezi wa pili sasa. Nyumbani walibaki yeye na Husna wa miaka minne. Kila skrubu ilipoingia, sauti ya Husna ilizidi kuwa nyembamba. Hospitali walisema koo ni zima.

Jirani yake Koleta alifika na ndizi za Myamba, amemshika mkono babu yake, Mzee Vitus, fundi wa zamani wa shamba la mkonge.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Mzee aliiona pete, akavua kofia. "Hii ilitundikwa ofisini kwa mzungu wetu. Aliitoa Uhispania. Kule zamani walinyonga mtu kwa kamba na kijiti cha kuisokota, baadaye wakaunda hii. Unakalishwa kitini, shingo humu, mnyongaji anakaza nyuma yako. Hadi miaka ya sabini walikuwa wakiitumia."

Yasmini akawaeleza jinsi skrubu inavyojikaza yenyewe na sauti ya mtoto inavyokwisha. "Hilo ni jini, mwenzangu," Koleta alinong'ona.

"Jini au marehemu, mlimkaribisha?" Mzee aliuliza.

Yasmini akamvuta Husna karibu. "Siku niliyoileta mtu alipiga hodi. Nikajibu karibu, nikidhani ni Koleta. Sikuona mtu."

"Basi ni mgeni wako. Ukimfukuza, atakaza. Msindikize hadi shambani, ilikotoka pete."

Koleta akampakata Husna, aliyekuwa akivuta pumzi kwa mlio kama wa filimbi. Yasmini akaondoa mtungi, akaibeba pete kifuani, akashika njia ya shamba lililoachwa, jua la saa sita likimchoma utosini na bado kisogo chake kikiwa baridi, maana nyuma yake mtu alikuwa akikoroma kwa shida, hatua kwa hatua, harufu ya kutu ikimjaa puani, naye hakuthubutu kugeuka.

"Pole, baba," alisema. "Siku waliyokukalisha kitini hukusindikizwa na mtu, eh?"

Mkoromo ukakoma. Kwenye kisima kikavu cha shamba sauti kavu ikamwambia, "Inatosha. Rudi kwa mtoto."

Akaitumbukiza pete. Hakusikia ikigonga chini.

Husna alimkimbilia barabarani, akipiga kelele kwa koo lake lote. "Mama! Yule baba amefika kwao?"

Yasmini akamkumbatia, akalia. Hakuwa amemuuliza mgeni kwao ni wapi.