Vidonge vya Juu ya Kabati

Kila jioni akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala, kisha akaenda kujibanza kwenye kibaraza cha shangazi yake, fundi wa pasi. Jina la Chiriku alipewa na Bibi, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata Shangazi, aliyempenda kupita kiasi, mara nyingine alimpa skrubu azihesabu ili naye apumzishe masikio.

Jioni hiyo alikuja na kazi ya mwalimu wa sayansi.

"Shangazi, tumeambiwa tutafute mahali ambapo kitu kinasukumwa, nacho kinakataa. Mwalimu anasema kwenye umeme unaitwa ukinzani."

"Basi umefika penyewe," Shangazi alisema, akaifungua pasi tumbo. "Waya huu wa nje unapitisha umeme bila maneno. Huu wa ndani ni mbishi. Umeme ukilazimisha kupita, waya unapata moto, na moto huo ndio unaonyoosha sare yako. Isingekuwa ubishi wake, ungekwenda shule na makunyanzi."

Chiriku alicheka, lakini kicheko kilimkatika. Ndani, Kibonge alikuwa akilia tena. Huyo alikuwa mdogo wake wa miaka mitatu, na sikio lilikuwa likimuuma tangu wiki iliyopita.

Katika nyumba ile palikuwa na kopo juu ya kabati. Aliyepona kabla dawa hazijaisha alitia zilizobaki humo, na aliyeugua alianzia humo. Bibi ndiye aliyeanzisha desturi hiyo, tena kwa huruma tu, maana hakupenda kuona dawa nzuri ikitupwa. Chiriku mwenyewe, kidonda chake cha goti kilipokauka, alitia humo vidonge vyake, ingawa daktari alimwambia avimalize. Kibonge alipoanza kuumwa, Bibi alimtuma Chiriku apande kiti avishushe. Homa ikipanda, Bibi alimsagia mtoto kipande, ikishuka, aliacha. Mama, aliyeshinda kazini, hakuambiwa.

Jioni hiyo homa ilikataa kushuka. Usaha ulitoka sikioni, na nyuma ya sikio pakavimba. Mama aliporudi alimgusa mtoto mara moja tu, akambeba hata viatu vya kazini hajavua. Bibi akamfuata, na Chiriku nyuma yao na mfuko wa nguo.

Hospitalini, daktari alikuwa mama mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alilichunguza sikio kwa muda mrefu.

"Tumechelewa kidogo," alisema. "Tusipoipata dawa sahihi sasa, sikio hili linaweza lisisikie tena, na ugonjwa unaweza kusambaa. Je, amekwisha kupewa dawa yoyote?"

"Hapana, daktari," Mama alijibu.

Daktari akamtazama Bibi.

"Maji ya uvuguvugu tu," Bibi alisema, macho sakafuni.

Daktari akamtajia muuguzi jina la dawa ya kuandaa. Chiriku alishtuka. Jina lile alilijua vizuri, kwani alilisoma mara nyingi kwenye paketi ya vidonge vyake vya goti. Alifungua mdomo, na Bibi akamkata jicho. Nyumbani kwao jicho la Bibi lilikuwa sheria. Hata Shangazi, mtu mzima na bisibisi yake mkononi, lilimnyamazisha. Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa maneno maishani mwake, aliyakosa. Kisha akamtazama Kibonge. Alikuwa hata halii tena.

Akapiga moyo konde.

"Daktari, amekwisha kuila dawa hiyo hiyo. Vilikuwa vidonge vyangu vya kidonda. Mimi ndiye niliyevishusha."

Mama alimgeukia Bibi, na Bibi akajifunika uso kwa viganja. Daktari hakumgombeza mtu.

"Asante sana, mwanangu. Umeniokolea muda ambao mdogo wako hana," alisema, akamzuia muuguzi. "Mama, dawa ikitolewa kidogo kidogo, hufa vijidudu dhaifu. Vile vigumu hubaki, huzaana, na dawa ile haiviwezi tena. Tunauita usugu. Nitampa dawa nyingine, na usaha huu uende maabara sasa hivi."

Kibonge alilazwa. Siku za kwanza zilikuwa nzito, roho za watu ziko juu. Kisha homa ikaondoka na uvimbe ukanywea. Mama alimkumbatia Chiriku kila alipopita karibu yake, akamshukuru daktari, akamshukuru muuguzi, akamshukuru mpaka msafisha sakafu. Bibi alilibeba kopo mwenyewe mpaka kwa mfamasia wa hospitali, likateketezwe lote. Lakini hakusema neno na Chiriku, na jambo hilo lilimnyima Chiriku raha.

Siku ya kuruhusiwa, Bibi alimwita akae naye kwenye kitanda cha Kibonge. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwalimu wako anasema ukinzani, daktari anasema usugu, na kwenye historia mnasoma upinzani dhidi ya wakoloni," Shangazi alitania. "Mimi nilijua ubishi wako wewe, Bibi yako atauita ukaidi!"

"Wewe nyamaza, nina neno na mjukuu wangu," Bibi alisema, kisha akaushika mkono wa Chiriku. "Siku ile nilikukata jicho kwa aibu yangu mimi, si kwa kosa lako. Nashukuru hukunitii. Dawa ya daktari imalize kama alivyokuelekeza, wala usimgawie mtu. Na ukweli wa kumwokoa mtu useme, hata kama anayekuziba mdomo ni mimi niliyemzaa baba yako."

Machozi yalimlengalenga Chiriku. Bibi akainama kwenye lile sikio lililougua, akanong'ona kwa sauti ndogo kabisa, "Nani aliyekuokoa?"

"Dada," Kibonge akajibu, mdomo umejaa ndizi.