Sauti Nyuma ya Viti vya Saetta

Kila Ornella alipofungua mlango wa ile Saetta nyekundu, gari la mashindano, harufu ya maganda ya machungwa ilimpiga puani, ilhali hapakuwa na aliyeketi humo tangu ajali.

Mumewe Nello, dereva wa majaribio, alimpakia humo binti yao Fiorenza, akimenya chungwa, asubuhi ya ukungu, wakatumbukia katika mfereji wa barabara ya Nonantola. Walizikwa kaburi moja. Gari lenyewe karakana iliyomwajiri Nello ililifufua, maana ndilo lililokuwa la kwanza kwao kuwekwa injini katikati, nyuma ya viti. Wazee wa mji wao wa Modena walilicheka: "Punda anasukuma mkokoteni!" Nello alilipenda kama mwanawe. Kulishonea viti vipya kukamwangukia mjane wake, mshonaji wa karakana hiyo.

Adhuhuri moja, wenzake wakiwa wamekwenda kula, alisikia pumzi shingoni.

"Ornella, funga mlango. Baridi."

Alitoka mbio, sindano imemchoma kidole. Kesho yake alirudi. Akakaa, akasikiliza, akalia.

Adelmo, kaka wa Nello aliyesimamia karakana, naye akaisikia sauti.

"Shemeji, tumwite padri," alinong'ona.

"Ni mume wangu, Adelmo."

"Alikuwa mume wako. Huyu anayetupumulia ni nani?"

Ornella akaugusa mlango wa gari. Mwishowe akaitikia kwa kichwa.

Padri, Don Ermete, alikuja na maji ya baraka, na alipoanza kusali injini isiyo na tone la mafuta ikanguruma, vioo vikaingia ukungu kwa ndani, milango ikafunguka na kujibamiza, na katikati ya kishindo kile sauti ya Nello ikawa inamwita mkewe, ikimsihi, ikififia, ikimwita tena, hadi Ornella akaziba masikio na kupiga magoti kwenye sakafu yenye grisi.

Kisha kimya.

"Amekwenda," padri alisema, akijifuta jasho. "Pole, mwanangu."

Adelmo akamwinua shemeji yake. Ndipo nyuma ya viti kikasikika kikwifukwifu cha mtoto.

"Mama? Baba ameenda wapi? Mbona ameniacha huku peke yangu?"

Adelmo akarudi nyuma hadi ukutani. Padri akainua tena chombo cha maji. Ornella akamshika kiganja.

"Huyu usimguse, Padri. Nakuomba."

"Ornella, huyo si…"

"Anaogopa. Huoni anaogopa?"

Akainama, akaingia, akaketi palipokuwa pa dereva.

"Nipo, kipenzi changu," alisema, akaufunga mlango.