Treni ya Saa Tano Haikuondoka

Jumamosi, saa kumi jioni. Bashay.

Chumba cha nyuma cha kilabu cha pombe. Komeo limefungwa. Kibuyu kimoja kinazunguka kwa watu watatu. Theodory wa Masakta, mkubwa wao, alichora reli kwa mkaa juu ya meza. Huku uwanja wa ndege, huku Arusha mjini. Katikati stesheni ndogo, na ndani ya stesheni hiyo Qamara, mtoa tokeni.

Tokeni ni kile chuma anachokabidhiwa dereva wa treni. Bila hicho haondoki, hata waziri awe amepanda. Jumatatu ndege ingeshusha makasha sita ya saa za mkono, lori liyafikishe stesheni, treni ya saa tano iyapeleke mjini. Qamara angesingizia mashine imekwama. Dakika kumi tu. Theodory na Marko, ndani ya ovaroli za reli, wangeyatoa upande wa pili wa behewa na kuyatia kwenye Landrova. Kisha tokeni itoke, treni iende zake. Wizi ujulikane Arusha, wao wako mbali.

Marko, dereva, mtu wa hapo hapo Bashay, aliuliza zikizidi kumi itakuwaje.

"Stesheni masta anazunguka treni pamoja na askari," Qamara alisema. "Ndiyo sheria."

"Basi zisizidi," alisema Theodory.

Wenzake walitaka fedha. Qamara alitaka tiketi mbili za ndege. Binti yake Fabiola, miaka sita, alikuwa amelazwa hospitalini Haydom, moyo una tundu. Daktari alisema apelekwe Dar es Salaam akapasuliwe. Matibabu bure, lakini barabara ile ya mashimo ingemuua kabla hajafika Singida. Na mshahara wa mtoa tokeni, jamani, unapanda ndege gani? Theodory aliapa tiketi zitapatikana. Qamara alimwamini, maana hakuwa na mwingine wa kumwamini. Jioni ile ile akadandia lori la mahindi kurudi kazini.

Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Walikutana nyuma ya ghala la stesheni. Marko alikuwa ameendesha usiku kucha. Chai ilikuwa kwenye kopo moja. Theodory akanywa, akampa Marko. Marko akanywa, kisha akammiminia Qamara ya kwake kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akakiweka chini, akarudi nyuma hatua mbili. Macho hakuinua.

Qamara aliona. Mtu mliyekunywa naye kibuyu kimoja juzi, leo anakutengea chai pembeni? Akajiambia, hawa wananishuku nimewauza. Chai ile hakuigusa.

Saa tano kamili.

Treni ilisimama. Askari wawili wa mzigo walikwenda ofisini kwa stesheni masta. Qamara alimwambia dereva mashine imekwama. Dereva akasonya, akawasha sigara.

Saa tano na dakika nane.

Marko alitokea dirishani, jasho linamtoka.

"Tayari. Nipe ufunguo wa geti Landrova itoke, halafu toa tokeni."

Qamara alinyoosha ufunguo. Marko akarudisha mkono nyuma haraka.

"Weka chini. Nitaokota."

Hapo Qamara alielewa. Kwao Wairaqw kuna mtu hunywi naye chombo kimoja wala hupokei kitu mkononi mwake: aliyefiwa na mtoto, mpaka atakaswe. Wote wawili ni Wakristo, misa kila Jumapili, lakini mkono una dini yake. Mdomo wa Marko ulikuwa umetunza siri tangu asubuhi, mkono ukashindwa.

"Nani amekufa, Marko?"

Marko aligeuka kutazama Landrova.

"Nimekuuliza."

"Fabiola. Jumamosi usiku. Nilipita Haydom jana. Theodory alinikataza, alisema ukijua utakwenda matangani na hatuna mtoa tokeni mwingine. Lakini mama yake..."

Qamara alifunga dirisha.

Saa tano na dakika kumi na tatu.

Alikaa sakafuni, tokeni mapajani. Dereva alipiga honi. Theodory aligonga mlango, akatukana, akatishia bastola, mwisho akambembeleza kwa jina la marehemu. Kumbembeleza kwa jina la mtoto aliyemficha kifo chake! Hasira hasara, tunasema kila siku. Haya, nenda kamwambie hivyo baba aliyefiwa. Qamara alilia huku amekumbatia chuma, na treni haikuondoka.

Stesheni masta alitoka na askari kuzunguka treni. Theodory alikimbilia Landrova akifyatua risasi. Ya askari ilimpata shingoni, akaanguka hapo hapo. Marko alinyoosha mikono juu.

Saa saba mchana.

Waliwekwa ndani ya behewa lile lile, pingu moja, Qamara na Marko. Tokeni alikuwa ameitoa mtu mwingine. Treni ilianza kutambaa kuelekea Arusha.

"Hukuningoja nimalize," Marko alisema.

Qamara alimpa kisogo.

"Kornelia, mama Fabiola, alinituma kwako. Alisema mtoto hazikwi mpaka baba yake afike amwone. Landrova ilikuwa ikupeleke leo leo, moja kwa moja. Dakika mbili tu, Qamara. Ungetoa tokeni, ungekuwa njiani."

Qamara alimgeukia askari, akamwamkia shikamoo japo alikuwa mdogo kwake, akamwomba wampitishe Haydom, hata akiwa na pingu. Askari alimwambia treni haifiki huko.

Kornelia alimngoja hadi Jumatano jioni. Mwili haukuweza kungoja zaidi, wakamzika.