Rangi Aliyoitaka Bibi Kunigunda

Kila Jumamosi Asteria alifua sare yake ya shule, akaianika, kisha akachota maji kabla jua halijawa kali. Jumamosi hiyo mama yake, Ottilia, alimwongezea kazi nyingine. Ashuke bondeni kwa Bibi Kunigunda, bibi yake mzaa baba, amuulize anataka gari lipakwe rangi gani. Jibu alilete kwenye sengu ya Jumapili.

Ukoo wao hapo Mbuji ulikuwa umenunua pikapu ya kubebea kahawa na mahindi. Ilikuwa mpya kwao tu. Rangi yake ya zamani ilikuwa imebambuka, na fundi mjini Mbinga alikuwa anasubiri kuambiwa apake ipi. Jambo kama hilo kwa Wamatengo haliamuliwi na mtu mmoja. Hupelekwa kwenye sengu, ambako wakubwa wa ukoo hula pamoja na kushauriana. Asiyeweza kufika hutuma neno lake, nalo huhesabiwa kana kwamba mwenyewe amekaa pale. Bibi Kunigunda alikuwa na goti bovu, mlima ulikuwa umemshinda.

Asteria alitoka vizuri. Njiani akawakuta wenzake wanacheza rede, wamepungukiwa mtu. Akaingia. Mchezo ukanoga hadi jua likazama, akarudi nyumbani. Mama yake alipouliza kama amefika kwa bibi, aliitikia kwa kichwa. Moyoni alijiambia kwamba rangi ni rangi tu. Yeye aliipenda damu ya mzee, ule wekundu ulioiva, na hakuona kwa nini bibi asiipende.

Jumapili, baada ya Misa, sengu ilikaa uani kwa Babu Sixbert, mkubwa wa ukoo. Asteria aliwanawisha wakubwa mikono. Baba yake mdogo, Placidi, alitaka nyeupe, kwa sababu hupatikana kila duka. Binamu yake Hamphrey, ambaye ndiye angeendesha, alisema nyeupe ni ya magari ya ofisini; yeye anataka damu ya mzee. Watu wakagawanyika nusu kwa nusu.

"Basi neno la Kunigunda ndilo litakaloamua," alisema Babu Sixbert. "Mjukuu wangu, bibi yako amesemaje?"

"Amesema damu ya mzee, babu."

Placidi alicheka, akasema kumbe mama yake mzazi, Kunigunda, bado ana mambo ya kisichana. Babu akamwagiza Hamphrey ampigie fundi simu wakimaliza kula.

Asteria alibaki ameshika birika. Babu alikuwa amelitaja neno la Kunigunda kwa heshima, na neno lenyewe halikuwapo. Fundi akishapaka, nani atalirudisha? Akaweka birika chini, akateremka bondeni mbio.

Bibi alikuwa anapepeta maharage. Aliitikia shikamoo yake, akasema jana alimwekea boga mpaka likapoa. Asteria akaeleza yote, macho chini. Bibi hakumkaripia. Alimaliza ungo wake kwanza.

"Neno langu ni njano," alisema. "Njano ya ua la boga. Babu yako Xaveri aligongwa kwenye ukungu, pale kwenye kona ya shule. Gari lilikuwa la kijivu. Dereva alilia, akasema hakumwona, nami nilimwamini, maana hata babu yako hakuliona hilo gari. Ninyi watoto mnapita pale kila asubuhi." Akanyosha kidole kuelekea mlimani. "Bado wanakula. Panda."

Alipofika, Hamphrey alikuwa ameshaweka simu sikioni. Asteria alipiga magoti mbele ya babu, akasema kwamba jana hakufika kwa bibi, na kwamba damu ya mzee ilikuwa rangi yake mwenyewe.

Hamphrey akashusha simu. "Kumbe mwenye gari ni Asteria," alisema. "Tungemwomba lifti." Watu wakacheka, naye akatamani ardhi ipasuke.

Kisha akalitoa neno la bibi kama alivyopewa, pamoja na ukungu na kona ya shule. Kicheko kikakatika. Placidi aliutazama mkono wake uliokuwa na ugali, akaurudisha ugali sahanini. Xaveri alikuwa baba yake. Akasema njano. Hamphrey naye akasema njano, na hakuna aliyepinga.

Babu Sixbert alinawa, akamwita Asteria karibu.

"Mjumbe hauawi, mjukuu wangu, kwa sababu maneno anayobeba si yake. Siku akiyafanya yake, hana tena pa kujificha. Leo ulimwondoa bibi yako kwenye sengu hii, na sisi hatukujua. Hilo ni kosa, na Mungu aliliona kabla yetu. Kisha ukamrudisha mbele ya watu wote, nayo ni kazi ngumu kuliko kupanda mlima. Hakuna uongo mdogo. Kuna uongo ambao bado haujamfikia mtu."

Akamwinua kwa mkono.

"Sasa mpelekee jibu letu. Sema tulivyosema. Usiongeze, usipunguze."